Wanalibeneke: wakubwa wa blogu enzi zile, ukubwa wao ulitoka wapi?

Kondakta wa Zamani

Wakuu, heshima mbele.

Kwenye uzi mmoja wa machawa wa Insta (wale wanaosifia watu kwa malipo) kuna mtu kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba kabla ya hawa wa sasa Bongo hapakuwa na mtu mwenye nguvu mtandaoni. Sikutaka kuharibu uzi wa watu, nimeona nifungue huu. Walikuwepo, na jina walikuwa nalo: wanalibeneke. Kuendesha blogu ilikuwa "kuendeleza libeneke". Ukiwa na blogu inayofunguliwa asubuhi wizarani, mchana ubalozini na usiku na mbeba boksi (Mbongo aliyeko ughaibuni) wa London, basi wewe ni mkuu wa libeneke na hata waziri anakuita kwa jina.

Historia kidogo kwa vijana wa elfu mbili. Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe mwaka 2004 akiwa Marekani, akawa anaandika Kiswahili kitupu wakati wengi waliamini mtandao ni wa Kiingereza. Huyo ndiye aliyewashika mkono wengi, na wengine akawavuta hadi kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Septemba 2005 Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, akiwa Helsinki kikazi, akafungua blogu yake kwa msaada wa Ndesanjo huyohuyo. Yeye akaiita Globu ya Jamii, wasomaji akawaita wadau, na wadau wakamwita Ankal. Baada ya hapo mlango ukawa wazi: Maggid Mjengwa, Chemi Che-Mponda na Swahili Time, Haki Ngowi, Mroki Mroki yaani Father Kidevu, John Bukuku na Full Shangwe, Subi na wavuti.com, Evarist Chahali na Kulikoni Ughaibuni. Nimewasahau wengi, mtaongezea.

Sasa hoja yangu. Watu husema walikuwa wakubwa kwa sababu walikuwa na kalamu. Nabisha. Kalamu walikuwa nayo wachache, Ndesanjo akiwa wa kwanza, Mjengwa na Chahali pia. Aliyetawala alikuwa mpigapicha. Fungua ukurasa wowote wa Ankal wa miaka ile: picha, chini yake mistari miwili, "pichani kulia ni fulani akimkabidhi fulani", kwisha. Lakini picha hiyo ilikuwa hewani saa hiyohiyo, wakati gazeti utalisoma kesho yake, tena kama uko mjini. Ukubwa wa libeneke ulikuwa kufika kwenye tukio na kuwahi kuliweka. Mengine ni mapambo.

Karibuni mnipinge.

---

Pilipili Kichaa

Nimekaa paleee na kahawa yangu.

---

Mbeba Boksi

Mkuu Kondakta, umesema kweli ila umesahau nusu ya pili: sisi.

Niko Uingereza tangu kabla ya Facebook kujulikana kwetu. Wakati ule habari za nyumbani ulizipata kwa kadi ya simu ya kukwangua, unampigia mama, dakika zinaisha akiwa bado anakusalimia kwa niaba ya ukoo mzima. Blogu ndizo zilizotuunganisha. Unatoka zamu ya usiku, hujavua hata viatu, unafungua Globu ya Jamii kuona nani kala nondozzz (yaani kahitimu shahada, vijana), nani na mai waifu wake wameremeta, mnuso (sherehe) wa wapi ulikuwaje. Na unakuta mtu mliyesoma naye Tambaza yuko kwenye picha, kanenepa.

Halafu yale maoni! Nusu hayana jina, chini yameandikwa tu "Mdau, Uingereza" au "Mdau, Tabata". Na kila moja likianza "Ankal naomba usiibanie hii", kwa sababu maoni hayakutoka mpaka mwenye blogu ayapitishe. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yenyewe. Picha kila mwenye kamera angeweza kupiga. Lakini kuamua hasira ya nani isomwe na ya nani ibaniwe, hilo lilikuwa la mtu mmoja aliyekaa na kompyuta yake. Mhariri wa gazeti ana bodi juu yake. Huyu juu yake alikuwa na Mungu tu.

Usiku ule wa MV Spice Islander, Septemba 2011, tulikuwa wanne chumba kimoja na kompyuta moja. Mwenzetu mmoja ana shangazi Pemba. Televisheni za huku zilikuwa zinatoa sentensi mbili tu kuhusu meli iliyozama karibu na Nungwi. Sisi tunafungua blogu moja, tunaenda ya pili, tunarudi ya kwanza, mwenzetu anasoma maoni ya watu wasio na majina ambao wanasema wako bandarini. Hatukujua nani mkweli. Tulisoma yote.

---

Dogo Elfu Mbili

Swali la kijinga samahani. Hela walikuwa wanapataje? Maana siku hizi mtu ana wafuasi kidogo tu tayari ana bei ya posti, ya stori na ya kuja kwenye uzinduzi.

---

Mtoto wa Nyegezi

Dogo, hilo si swali la kijinga, ndilo swali.

Nilikuwa na blogu Mwanza, ndogo, sitaitaja maana ilishazikwa. Hela ilikuja kwa njia tatu. Ya kwanza mabango: kampuni inakulipa kwa mwezi, unaweka tangazo lake pembeni au juu kabisa, linawaka na kuzima kama taa za harusi. Hayo waliyapata wakubwa, tena wa Dar. Ya pili mwaliko: unaitwa kwenye mkutano na waandishi wa habari, unakula, unapewa bahasha ya "nauli". Ya tatu ni ajira. Ukishajulikana kwa libeneke, mtu anakuchukua umpige picha kwenye ziara zake, na hiyo ndiyo iliyolipa kuliko zote.

Kazi yenyewe msione hivihivi. Kabla ya mkongo wa intaneti wa SEACOM kupita baharini na kufika mwaka 2009, kuweka picha sita ilikuwa shughuli ya jioni nzima. Unatoka uwanjani CCM Kirumba, unakimbilia kafe, unalipia saa, unachomeka kadi ya kamera, kompyuta ina virusi, kadi inajaa mafaili ya ajabu. Unazipunguza picha ukubwa moja moja. Unapakia ya kwanza, mstari unatembea, unafika karibu na mwisho, umeme unakatika. Kafe ikiwa na jenereta una bahati. Isipokuwa nayo, habari yako ya leo ni ya kesho, na kesho itakuwa imeshawekwa na mtu wa Dar aliyepigiwa simu.

Halafu kuna hili ambalo wakubwa hawapendi lisemwe. Nilipiga picha ya ajali ya basi, nikaiweka usiku. Asubuhi blogu moja kubwa imeiweka, maelezo ni yangu mpaka koma, chini pameandikwa "picha kwa hisani ya mdau wa Kanda ya Ziwa". Mdau! Jina ninalo, blogu ninayo, linki ni sekunde mbili kuiweka. Mchana blogu nyingine kama kumi zimekopi kutoka kwa huyo mkubwa, na sasa picha ni yake. Kwa hiyo mkuu Kondakta, unaposema ukubwa ulikuwa kufika na kuwahi, mimi nilifika, na niliwahi. Haikunisaidia.

---

Kondakta wa Zamani

Mtoto wa Nyegezi, hapo umenibana. Ngoja nijipange.

---

Mwalimu wa Hesabu

Asijipange peke yake, mimi namsaidia.

Jambo alilosema Nyegezi halikuwa la Bongo tu, na halihitaji mtu kuwa na roho mbaya ili litokee. Februari 2003 Mmarekani Clay Shirky alichapisha makala kuhusu blogu za kwao. Wakati ule Wamarekani nao walikuwa na jina la wakubwa wao, waliwaita "orodha A", na wadogo walikuwa wakilalamika kwamba ni genge linalolindana. Shirky akachukua blogu 433 akahesabu nani analinkiwa na nani. Blogu 12 za juu, ambazo hazifiki hata asilimia 3 ya zote, zilikuwa na asilimia 20 ya linki. Zile 50 za juu zilibeba nusu. Waliobaki karibu 400 wakagawana nusu nyingine, na wengi wao waliambulia chini ya wastani.

Akaeleza kwa nini. Mtu anayefungua blogu leo anaweka pembeni orodha ya blogu anazozijua. Anazozijua ni zile alizoziona kwenye orodha za wenzake. Basi aliyetangulia anazidi kutangulia, hata kama mpya ana kazi nzuri kuliko yeye. Hakuna aliyekaa kikao. Na watu wakiongezeka pengo linapanuka, kinyume cha tulivyotegemea.

Sasa kumbukeni ile safu ya kulia ya blogu zetu, "Blogu nyingine" au "Wanalibeneke wenzangu". Kila blogu mpya ilianza na jina gani? Mnalijua. Mkoani ungepiga picha nzuri namna gani, msomaji wa Uingereza aliingia mtandaoni kwa mlango mmoja, akatokea dirisha analoonyeshwa na mwenye mlango. Kuwa mkubwa ilikuwa kuwa mlango.

Kuhusu Wamarekani niongeze kidogo tu. Kulikuwa na mtambo wa kutafuta blogu unaitwa Technorati, ukatoa orodha ya 100 bora. Watu wakaacha kuandika wakawa wanaangalia namba zao.

---

binti_makorora

Mwalimu umetuumiza vichwa lakini nimekuelewa. Mimi nauliza: mbona wanawake hamuwataji? Chemi katajwa kwa mbio, Subi kwa mbio. Wavuti.com ilikuwa inakusanya habari za nyumbani kwa utulivu kuliko blogu nyingi za waliokuwa Dar, na mwenyewe alikuwa nje ya nchi. Hakuhitaji kufika kwenye tukio hata moja. Alisoma, akachambua, akaweka chanzo. Hiyo inaipindua hoja ya mleta uzi na haikuguswa.

---

Kondakta wa Zamani

Dada umenipiga na huku, sawa. Ngoja nirekebishe kauli badala ya kung'ang'ana: wakubwa wa mapema walikuwa wapigapicha kwa sababu picha ndiyo ilikuwa adimu. Mkongo ulipofika na kila mtu akawa na simu ya kamera, picha ikawa bei chee, na mtu wa kuchambua na kupanga kama Subi akapata nafasi yake. Kuhusu kuweka chanzo, wengi wangejifunza kwake.

---

Nyali_Mkenya

Ndugu zangu wa Bongo, hamjambo. Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine kidogo.

Kenya watu walianza na kujumuika. Mwaka 2004 Daudi Were alianzisha pete ya blogu za Wakenya, unatoka blogu moja unapelekwa nyingine, kwa hivyo hata mdogo alipata wageni. Wakubwa wetu walikuwa mawakili na watu wa teknolojia, wakiandika Kiingereza. Ory Okolloh na Kenyan Pundit ndiye mfano. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika na serikali ikazima matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni, watu walikimbilia kwake. Mapema Januari 2008 aliandika kwamba ingefaa kuwe na ramani ya kuonyesha ghasia ziko wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakalipokea, na kwa siku chache ramani hiyo, Ushahidi, ikasimama. Mabloga hao wote!

Lakini mwezi uleule Kobia huyohuyo aliifunga Mashada, jukwaa kubwa la Wakenya alilokuwa akiliendesha, kwa sababu matusi ya kikabila yalikuwa yamepita kiasi. Mbeba Boksi amesema juu ya kubania maoni. Mimi nilikuwa napinga kubania mpaka mwezi ule.

Baadaye tukapata chama cha mabloga, BAKE, na tuzo zake kila mwaka, ambapo mabloga walivaa suti na kupigiana kura. Chama hicho kikaenda kortini mwaka 2018 kupinga sheria ya makosa ya mtandao. Mahakama Kuu ikasimamisha vifungu 26, kisha Februari 2020 kesi ikatupwa.

---

Pilipili Kichaa

Na kwetu je? Nani aliyeua libeneke? Nasema serikali. Bishaneni.

---

Wakili wa Kijiweni

Tuweke mambo sawa kabla ya kubishana.

Machi 2018 zilichapishwa kanuni za maudhui ya mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa aombe leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Fomu ya maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, ada ya mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Jumla milioni mbili na laki moja. Ukiendesha bila leseni, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Watetezi wa haki na baadhi ya vyombo vya habari walikwenda Mahakama Kuu Mtwara mwanzoni mwa Mei wakapata zuio la muda, lakini halikudumu. TCRA ikaweka tarehe ya mwisho Juni 15. Juni 11 hata JamiiForums, jukwaa la mijadala, ikazima mitambo kwa muda, na hiyo ni taasisi yenye ofisi na wanasheria.

Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa, moja ya mashtaka likihusu kutotoa taarifa za wachangiaji. Kwa hiyo hofu ilikuwepo, leseni ikaja juu yake. Baadaye ada zilipunguzwa, lakini aliyekwisha kufunga duka harudi kwa sababu kodi imeshuka.

---

Mtoto wa Nyegezi

Milioni mbili na laki moja kwa blogu ambayo mwaka mzima haijaingiza laki tano. Niliandika posti ya mwisho, "Wadau, tunapumzika kidogo", nikafunga. Tulifunga wengi Kanda ya Ziwa, na sisi ndio tuliokuwa tunaandika habari za mwalo, za kivuko, za shule ambayo haina choo. Wakubwa walilipa wakaendelea.

---

Dogo Elfu Mbili

Lakini bro, hata bila leseni si Insta ingewaua? Mimi sijawahi kufungua blogu kwa hiari yangu, naona picha kwenye simu, napita.

---

Wakili wa Kijiweni

Ingewaua wale waliokuwa wanaweka picha za mnuso tu. Hilo sikatai. Angalia Millard Ayo: alikuwa mtangazaji wa Clouds, akawa na tovuti, watu walipohamia kwenye video akahamia nao na Ayo TV. Aliyekuwa na uwezo wa kuhama alihama. Aliyekuwa na maandishi marefu hakuwa na pa kuhamia, Insta haisomi.

---

binti_makorora

Nirudi kwenye machawa, maana uzi ulianzia huko. Tofauti naiona hivi: mwanalibeneke alikuonyesha tukio, na sura yake ilibaki nyuma ya kamera. Chawa anakuonyesha sura yake, na tukio liko nyuma kama pazia. Unaangalia dakika tatu za mtu akiwa kwenye uzinduzi, unatoka hujui kilichozinduliwa ni nini.

---

Mbeba Boksi

Dada, usiwapake mafuta sana wa zamani. Ukurasa mzima wa viongozi wakikabidhi hundi kubwa ya karatasi, wakikata utepe, wakipanda mti, hiyo nayo ilikuwa nini? Kumsifia mtu kulikuwepo, ila kulifanywa kwa picha na heshima. Ankal mwenyewe baadaye alifanya kazi Ikulu enzi za JK (Kikwete), akipiga picha za Rais, na hakuficha. Ukisoma blogu yake ulijua unasoma ya nani. Chawa wa leo hakwambii nani kamlipa, ndiyo maana anakera.

Na bado, chini ya hundi ile ya karatasi palikuwa na maoni. Mdau wa Tabata anauliza hundi ya mwaka jana ilienda wapi, na mara nyingine hakubaniwa. Leo chawa akiulizwa hivyo anakublok.

---

Nyali_Mkenya

Kwetu twawaita "mabloga wa kukodiwa". Bei yao hupanda mwaka wa uchaguzi.

---

Kondakta wa Zamani

Mbeba Boksi, hiyo ya wadau nakubali kuliko zote zilizosemwa hapa. Nilianza uzi nikitafuta ukubwa wa wenye blogu, na nusu ya ukubwa huo ilikuwa ya watu wasio na majina waliojaa chini ya picha. Insta ina maoni pia, lakini ni vikopa na mioto. Nani anaandika aya nne chini ya picha siku hizi? Anayeandika hivyo yuko humu, tunamwita mzee.

Mwalimu, lile la mlango na dirisha naondoka nalo. Nyegezi, kama picha zako bado unazo kwenye diski, fungua uzi wa Mwanza ya 2008 hadi 2012. Weka jina lako juu ya kila moja.

---

Mtoto wa Nyegezi

Ninazo. Nitaweka chapa kubwa katikati kabisa, mtu akikopi akopi na jina.

---

Dogo Elfu Mbili

Hizo blogu za zamani bado zinafunguka au mpaka ujuane na mtu?

---

Mbeba Boksi

Zilizokuwa Blogspot nyingi zinafunguka. Tafuta safu ya kulia, shuka chini mpaka uone miaka, bofya mwaka, kisha mwezi. Kwa simu safu haionekani, chagua kuona kama kwenye kompyuta. Picha nyingine zimeshakufa. Soma maoni.

---

Dogo Elfu Mbili

Nimeingia. Wazee mlikuwa na vituko. Sasa hizi nondozzz zinaandikwa kwa z ngapi?

---

Mbeba Boksi

Inategemea shahada. Ya uzamivu unaminya kitufe mpaka mgeni wa heshima amalize hotuba.